Seli T saidizi na namna zinavyochagua aina ya kinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu tumewaandalia wanafunzi wa uuguzi na maabara hapa Mombasa, pamoja na yeyote aliyewahi kupewa karatasi ya CD4 akarudi nayo nyumbani bila kuielewa. Watu wengi hutuuliza kama kinga yao iko juu au iko chini. Tunawaomba waulize pia ni kinga ya aina gani, kwa sababu mgonjwa wa pumu na mgonjwa wa kifua kikuu wote wawili wana kinga inayofanya kazi usiku na mchana, ila mmoja imemwelekea pasipostahili na mwingine haijamtosha pale inapotakiwa.

Seli T saidizi ni nini hasa?

Ni chembechembe nyeupe za damu. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, hukomaa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, kisha husambaa kwenye damu, tezi za limfu, wengu na utumbo. Kila moja hubeba juu ya utando wake protini iitwayo CD4, ndiyo maana maabara huziita seli za CD4. Kwa kawaida hazimuui mdudu kwa mkono wao. Huamrisha seli nyingine: ipi iue, ipi itengeneze kingamwili, ipi imwage kamasi, ipi itulie.

Zinajuaje ni adui wa namna gani?

Zinaletewa habari. Mvuvi akidungwa kidole na mwiba wa changu, bakteria huingia na uchafu wa samaki. Pale kidoleni zipo seli dendriti, walinzi wa ngozi. Humeza vipande vya bakteria, huacha kidonda na kufuata mirija ya limfu hadi tezi za kwapani, safari ya siku moja hivi. Huko huning'iniza kipande cha protini ya bakteria kwenye kibebeo kiitwacho MHC daraja la pili na kuzionyesha seli T zinazopita. Nyingi hupita tu. Inayokitambua kipande hicho huenda ikawa moja katika laki moja, au hata moja katika milioni.

Ikipatikana, inahitaji ishara tatu. Ya kwanza ni kipokezi chake kukishika kipande. Ya pili ni protini CD28 ya seli T kushikana na CD80 au CD86 ya seli dendriti. Ishara hii ikikosekana, seli T hupigwa ganzi badala ya kuamka, na hiyo ni njia mojawapo ya mwili kujizuia usijishambulie. Ya tatu ni saitokini, yaani protini ndogo ndogo ambazo seli hutoa ili kupeana maagizo. Hii ya tatu ndiyo inayochagua aina. Seli dendriti nayo huchagua saitokini kulingana na ilichokipapasa kule jerahani: ukuta wa bakteria, sukari za ukuta wa kuvu, au RNA ya virusi. Kwa minyoo, seli za utando wa utumbo zilizojeruhiwa hupiga king'ora chao wenyewe, saitokini ziitwazo interleukini 25 na 33.

Baada ya hapo seli moja hugawanyika ikawa maelfu kwa muda wa wiki moja hivi. Tezi ya kwapani huvimba na kuuma kwa sababu ndani yake kuna kazi hiyo. Usiikande wala usiichue, tibu kidole.

Kuna aina ngapi?

Mwaka 1986 Tim Mosmann na Robert Coffman, wakichunguza seli za panya huko Marekani, walieleza aina mbili, Th1 na Th2. Leo hatuwezi kufundisha chini ya tano.

Th1 huzaliwa pale interleukini 12 inapotawala. Silaha yake kuu ni saitokini iitwayo intaferoni gama, inayoamsha makrofaji, yaani seli zinazomeza wadudu, ili ziweze kuua wadudu wanaoishi ndani yake. Bakteria wa kifua kikuu humezwa na makrofaji na kukaa humo humo wakila na kulala. Bila amri ya Th1 makrofaji hubaki kuwa nyumba yao ya kupanga.

Th2 huzaliwa kwenye interleukini 4, nayo hutoa 4, 5 na 13. Mnyoo haumezeki na seli yoyote, ni mkubwa mno. Kwa hiyo Th2 hubadili mazingira yake: interleukini 13 huongeza kamasi na kuufanya utumbo usukume kwa nguvu, ya 5 huita eosinofili, chembechembe nyeupe zinazopambana na minyoo, na ya 4 huziambia seli B zitengeneze kingamwili aina ya IgE, ile ya minyoo na mzio. Ndiyo sababu eosinofili zikipanda kwenye kipimo cha damu cha mtoto aliyetoka likizo Kwale, mtaalamu wa maabara huomba choo na mkojo, akitafuta safura na kichocho.

Th17 hutokana na interleukini 6 pamoja na saitokini nyingine, TGF-beta, na huimarishwa na interleukini 23. Huita nutrofili, seli zinazotengeneza usaha, na kuimarisha utando wa mdomo, utumbo na ngozi dhidi ya kuvu na bakteria walio nje ya seli.

Seli saidizi za folikuli, zinazofupishwa Tfh, haziondoki kwenye tezi. Hukaa na seli B na kuzifundisha kutengeneza kingamwili bora zaidi. Tutazirudia kwenye chanjo. Mwisho ni Treg, seli za kutuliza, zinazoongozwa na jeni FOXP3.

Tunajuaje kwamba mgawanyo huu una maana kwa binadamu, na si wa panya tu?

Kwa watu waliozaliwa na pengo moja. Mtoto asiye na kipokezi kizima cha interleukini 12 au cha intaferoni gama huugua vibaya kutokana na bakteria wa jamii ya kifua kikuu, hata wale waliodhoofishwa wa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na pia salmonela, lakini hukabiliana na maradhi mengine mengi kama kawaida. Wenye kasoro ya jeni STAT3 wana Th17 chache mno, nao huandamwa na majipu na kuvu ya kandida. Wavulana wenye FOXP3 mbovu hupata kisukari, kuhara kusikokoma na ukurutu wakiwa wachanga, kwa kuwa hakuna wa kuizuia kinga yao.

Dawa mpya zinathibitisha vivyo hivyo. Anayetibiwa soriasi kwa dawa ya kuzuia interleukini 17 hupona ngozi, na baadhi hupata utando mweupe wa kandida mdomoni. Anayepewa dawa ya kuzuia TNF, saitokini nyingine, kwa ugonjwa wa viungo anaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa sababu TNF ndiyo inayoshikilia ukuta wa seli unaowazingira wale bakteria. Kwa hiyo kabla ya dawa hizo mgonjwa hupimwa kifua kikuu.

Ukoma nao unaonyesha jambo hili mtu akitazama kwa macho yake mwenyewe. Bakteria ni yule yule. Mwenye jibu kali la Th1 huwa na mabaka machache yasiyo na hisia na bakteria haba, ingawa neva zake huumia. Mwenye jibu lililoegemea Th2 na kingamwili huwa na vinundu vingi, na ngozi iliyojaa bakteria. Kingamwili anazo tele, hazimfai kitu, kwa kuwa haziingii ndani ya seli alimojificha adui.

Mbona kipimo cha Mantoux, kile cha ngozi cha kifua kikuu, kinasomwa baada ya siku mbili, na cha mzio baada ya dakika 15?

Kwa sababu ni kinga mbili tofauti. Kwenye mzio, IgE ilishatengenezwa zamani na imekaa juu ya seli masti za ngozi ikisubiri. Kitu kikigusa, histamini humwagika papo hapo. Kwenye Mantoux hakuna kinachosubiri ngozini isipokuwa seli chache za Th1 zenye kumbukumbu. Lazima zionyeshwe tuberkulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu zilizodungwa, zitoe intaferoni gama na TNF, mishipa ifunguke, makrofaji zije, na sehemu ikakamae. Hayo yote yanahitaji saa 48 hadi 72.

Kipimo hiki kinaharibiwa na mikono kuliko na dawa yenyewe, hivyo tukieleze hatua kwa hatua. Vuta mililita 0.1 kwa bomba la sindano. Ingiza sindano upande wa ndani wa kigasha, tundu lake likitazama juu, ikiwa karibu sambamba na ngozi. Ukisukuma, lazima kitokee kilengelenge cheupe cha milimita 6 hadi 10, chenye vinyweleo vinavyoonekana kama ganda la chungwa. Kisipotokea, umezama mno. Rudia mahali pengine, angalau sentimita 5 kutoka pale. Usifunge bandeji, na mwambie mgonjwa asikune.

Siku ya kusoma, funga macho kwanza na upapase kwa kidole. Unatafuta ugumu. Wekundu hauhesabiwi hata ukiwa mkubwa kama sahani ya kikombe. Kokota ncha ya kalamu ya wino kutoka nje kuelekea katikati hadi ikwame, weka alama, fanya vivyo hivyo upande wa pili, kisha pima kwa rula kukata upana wa mkono. Andika milimita. Neno "chanya" peke yake halimsaidii daktari, kwa kuwa milimita 10 ndizo kikomo kwa watu wengi, na 5 kwa mwenye VVU au utapiamlo mkali.

Sifuri nayo isikudanganye. Surua ya karibuni, dozi kubwa za steroidi, utapiamlo, CD4 chache, hata kifua kikuu chenyewe kikiwa kimesambaa mwilini, vyote huzima jibu. BCG kwa upande wake inaweza kulipandisha.

Mtoto wangu amechanjwa BCG, sasa ana kidonda mkononi. Wamekosea?

Hapana, mama. Hiyo ni Th1 ya mtoto ikijifunza. Dozi ya mchanga ni mililita 0.05 ndani ya ngozi ya kigasha cha kushoto. Kilengelenge cha mwanzo hupotea ndani ya nusu saa. Kati ya wiki ya pili na ya sita hutokea kipele, hupasuka, hutoa majimaji kidogo, hukauka na kuacha kovu. Kioshe kwa maji safi, usikipake dawa ya meno, mafuta wala unga wa vidonge, na usikikamue. Mpeleke kliniki ikiwa tezi ya kwapa imevimba kama kokwa ya ukwaju au zaidi, au inatoa usaha.

Kwa nini chanjo nyingine zirudiwe wiki ya 6, ya 10 na ya 14?

Hapa ndipo Tfh zinapoonyesha thamani yake, na ni mfano tunaoupenda kuliko yote. Bakteria wa nimonia na wa Hib, anayeleta homa ya uti wa mgongo kwa watoto, wamevaa koti la sukari. Seli T haziwezi kuonyeshwa sukari hiyo kwenye MHC. Kibebeo kile hubeba vipande vya protini. Kwa hiyo seli B ya mtoto mchanga inayoishika sukari hubaki peke yake bila msaada, na chanjo ya sukari tupu haimkingi aliye chini ya miaka miwili. Suluhisho lilikuwa kuifunga sukari kwenye protini, mara nyingi sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyopokonywa makali. Seli B huishika sukari, huvuta mzigo mzima ndani, kisha huonyesha kipande cha ile protini. Tfh inayoijua protini huja kusaidia, na msaada huo huishia kwenye kingamwili dhidi ya sukari.

Kenya ilianza kutumia chanjo ya Hib mwaka 2001 na ya nimonia mwaka 2011, na kule Kilifi, ambako watoto wanaolazwa hufuatiliwa kwa makini, ugonjwa wa Hib ulipungua sana.

Kurudia kunahitajika kwa sababu kila raundi seli B zenye kingamwili inayoshika vizuri zaidi ndizo zinazopata msaada wa Tfh, na nyingine hufa. Ukikosa tarehe, huanzi upya; endelea pale ulipoachia, ila pengo lisipungue wiki nne.

Wanaobeba chanjo tunawasihi jambo moja. Joto la kaskazi huwatia watu hofu hadi wakapakia barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza. Chanjo za pentavalenti (tano kwa moja, Hib ikiwemo) na nimonia zina chumvi ya aluminiamu, ambayo kazi yake ni kuziamsha zile seli dendriti. Zikiganda, aluminiamu hujikusanya kuwa mabonge na chanjo hupoteza nguvu, hata kama imeyeyuka ikaonekana nzima. Acha vibarafu nje hadi ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani, kisha pakia. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8. Ukishuku, chukua chupa ya aina na kundi lile lile, igandishe usiku kucha na uiyeyushe, kisha itikise pamoja na ile unayoishuku na uziweke mezani. Inayotuama upesi kama mwenzake iliyogandishwa, ikiacha maji maangavu juu, itupwe.

Pumu inaingiaje hapa?

Pumu nyingi za utotoni ni Th2 iliyomkosea adui. Hewa yetu yenye unyevu inawafaa sana wadudu wa vumbi wanaoishi kwenye godoro na mito. Kinyesi chao huvutwa puani, na mapafu hujibu kana kwamba kuna mnyoo: kamasi, eosinofili, misuli ya njia ya hewa kukaza. Pampu ya salbutamoli hulegeza misuli na kuokoa maisha, lakini Th2 haisikii chochote. Pampu ya steroidi ndiyo inayoituliza, nayo hutaka kutumiwa kila siku, hata siku ambazo mtoto anacheza vizuri. Asukutue mdomo baadaye asije akaota kandida. Shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na godoro likung'utwe nje mtoto akiwa mbali.

Kwani minyoo haizuii mzio? Tuiache basi?

Minyoo inayokaa muda mrefu huchochea Treg na interleukini 10 ili isifukuzwe, na utulivu huo unaweza kugusa mizio pia. Lakini safura hunyonya damu, na mayai ya kichocho huharibu kibofu. Meza dawa: albendazoli miligramu 400 mara moja kwa safura, na prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo kwa kichocho.

CD4 yangu ilikuwa 410, sasa ni 350, nami nameza dawa kila siku. Nimeharibu wapi?

Inawezekana kabisa hujaharibu popote. Mtu mzima asiye na VVU huwa na seli 500 hadi 1,500 hivi kwa kila maikrolita moja ya damu, na idadi hiyo hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Jioni huwa nyingi kuliko asubuhi. Homa, ujauzito na steroidi huishusha. Kipimo kinachosema kama dawa inafanya kazi ni wingi wa virusi. CD4 inatuambia hatari iliyopo sasa: chini ya 200, Th1 na Th17 zimebaki chache kiasi kwamba nimonia ya kuvu, kandida ya koo na kuvu ya ubongo hupata nafasi, hivyo mgonjwa hupewa antibiotiki ya kotrimoksazoli na kupimwa kriptokokasi, ile kuvu ya ubongo, kwenye damu na kifua kikuu kwenye mkojo.

Wakati mwingine kosa ni la chupa. Damu ichukuliwe kwenye chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau, ijazwe hadi mstari, ipinduliwe polepole mara 8 hadi 10. Bonge dogo tu la damu hufunga seli ndani yake na hesabu hushuka. Isiwekwe kwenye friji, na isigusane na barafu. Ikae kwenye joto la chumba kilichopoa. Sampuli inayosubiri feri ya Likoni saa nane mchana juu ya dashibodi imeshapikwa. Itie kwenye kisanduku cha kubebea, barafu ikitenganishwa na gazeti au kitambaa kizito, na ifike mashineni ndani ya saa 48.

Jamaa yetu alianza ARV, baada ya wiki tatu tezi za shingo zikavimba na homa ikapanda. Aache?

Asiache, aende kliniki upesi. Huenda kifua kikuu kilichokuwa kimejificha kimeonekana na Th1 zilizorudi kwa wingi, nazo zinapigana. Kwa sababu iyo hiyo picha ya kifua ya mtu mwenye CD4 chache sana inaweza kukosa mashimo na makohozi yake yasionyeshe bakteria: mashimo huchimbwa na kinga yenyewe. Anayejulikana kuwa na kifua kikuu huanza dawa zake kwanza, kisha ARV ndani ya wiki mbili, isipokuwa kifua kikuu cha utando wa ubongo, ambacho husubiriwa zaidi.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza dolutegraviri, mojawapo ya ARV, mwilini, hivyo dolutegraviri ya miligramu 50 humezwa mara mbili kwa siku. Mwezi wa Ramadhani wengi huzipanga futari na daku. Waulize kliniki kwanza.

Habasoda, mlonge na tangawizi zinaongeza kinga?

Kama chakula, kula. Lakini fikiria ungependa kuongeza ipi: ukimzidishia Th2 mwenye pumu umemdhuru, na ukimzidishia Th17 mwenye soriasi vivyo hivyo. Kinachojulikana kwa uhakika ni kwamba utapiamlo hunyausha thaimasi ya mtoto, kwa hiyo mbaazi, samaki na mayai vinafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote ya dawa ya kinga. Vidonge vya madini ya chuma, kalisi au dawa za tindikali ya tumbo huzuia dolutegraviri isifyonzwe. Meza dolutegraviri saa mbili kabla yake au saa sita baadaye.

Nani huzizuia seli hizi zisiule mwili wenyewe?

Thaimasi huua nyingi zinazoshika protini za mwili. Zinazoponyoka hutulizwa na Treg. Shimon Sakaguchi alizieleza mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell walionyesha kwamba FOXP3 mbovu ndiyo chanzo cha maradhi ya panya waliozaliwa na kinga isiyotulia. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Seli ikishachagua aina, inaweza kubadilika?

Ndiyo, hasa Th17, ambayo ikikutana na interleukini 12 huanza kutoa intaferoni gama. Kwa hiyo mwanafunzi anayechora visanduku vitano vyenye kuta nene aviache na milango. Taja saitokini iliyoianzisha, saitokini inayotoa, seli inayoiamrisha na adui inayemlenga. Ukivijua hivyo vinne kwa kila aina, hata seli iliyobadilika utaitambua kwa kazi yake.